Kulala Ndani ya Lori ni Kulala Kazini



Katika viwanda na mashamba yetu kuna kengele. Ikilia jioni, watu wa zamu wanatoka, mlinzi anafunga lango, na kila mmoja anajua nani yuko kazini na nani amekwenda nyumbani. Lakini mali tunayoitengeneza ikishapakiwa ndani ya lori haina kengele tena. Sukari ya Kakira na Lugazi na saruji ya Tororo huingia barabarani, na usiku ukifika kuna ndugu zetu wawili, dereva na utingo wake, wanaolala pamoja nayo. Safari hii tumeamua kuandika habari za ndugu hao, hasa wanaopita huku kwetu West Nile.

Mtu wa Lurujo, huku upande wa Arua na Koboko, hahitaji kuelezwa malori ni nini. Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ni kilomita 92, na tangu iwekwe lami katika miaka ya 2010 magari makubwa yamezidi. Vurra ni mpaka wa Kongo, Oraba ni mpaka wa Sudan Kusini. Lori lililotoka Kampala limekwisha kula karibu kilomita 500 kabla ya kuingia Arua, na lililotoka Mombasa limeongeza zaidi ya 1,100 juu ya hizo. Hakuna binadamu awezaye kuendesha safari ya namna hiyo bila kulala. Linalobaki ni kuuliza analala wapi, na kwa gharama ya nani.

Wapo watu wanaolala ndani ya magari yao kwa kupenda. Siku hizi wageni hukodi magari yenye hema juu ya paa, wakaenda nayo katika mbuga ya Murchison kuangalia wanyama, na wengine hufuata kuwinda kwa kibali. Zamani mambo yalikuwa mengine: Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja mwaka 1910 kuwinda kifaru mweupe upande wa Rhino Camp, alishuka Nile kwa mashua akalala hemani. Hatuwaonei wivu wageni hawa. Ila tunataka ndugu msomaji atazame tofauti. Mgeni akichoka husimama, akipenda huhamia hotelini, na asubuhi hakuna anayemwuliza lita ngapi zimepungua kwenye tangi. Barabara ile ile ya Karuma hadi Pakwach inayopita kando ya mbuga hiyo ndiyo anayopita dereva wetu, naye hulala ndani ya gari kwa sababu hakupewa njia nyingine.

Sasa tuutazame usiku wenyewe. Kabini ya lori jipya ina kitanda chembamba nyuma ya viti, na hicho ni cha dereva. Lakini malori mengi yapitayo huku ni makuukuu, na mengine hayana hata hicho kitanda. Dereva hujikunja juu ya viti, usukani ukimgonga magoti. Utingo, ambaye mara nyingi hana barua ya kuajiriwa wala jina lake halimo katika daftari la kampuni, hutandika mkeka juu ya mzigo chini ya turubai. Mvua ikinyesha huingia chini ya tela. Hapa lazima tuseme wazi kwamba chini ya lori si mahali pa kulala kabisa. Gari kuukuu lenye breki mbovu laweza kusogea kwenye mteremko, na dereva aliyeamshwa ghafla usiku wa manane akaambiwa aondoe gari huliwasha akiwa bado na usingizi, asikumbuke nani yuko huko chini. Kama hakuna njia nyingine kabisa, wekeni kabari imara kwenye magurudumu, na ufunguo ashike yule anayelala chini.

Ndani ya kabini nako kuna taabu zake. Ukifunga vioo vyote, joto linakutoa jasho. Ukivifungua, unaingia mbu na unaingia mkono wa mwizi. West Nile ni nchi ya malaria nyingi, na dereva anayelala leo Pakwach, kesho Arua na keshokutwa Oraba hana chandarua kilichofungwa mahali pamoja. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: kipande cha chandarua chenye dawa, kikakatwa kwa kipimo cha dirisha na kushonwa pindo, hubanwa na mlango wenyewe ukifungwa. Fundi cherehani yeyote sokoni Koboko ataishona kazi hiyo mara moja.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Usiku wa mvua huku juu una baridi, na wako wanaoingiza sigiri ya makaa ndani ya kabini wapate joto, au wanaoacha injini ikinguruma usiku kucha. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Moshi wa injini unayo pia, na bomba la moshi likitoboka gesi hiyo hupenya ndani kupitia sakafu. Mtu aliyelala haisikii ikija. Huanza kwa kichwa kuuma na uchovu, na aliye usingizini haupati hata huo wasiwasi wa kwanza. Sigiri ibaki nje, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha kufa. Injini izimwe. Nunueni blanketi nzito.

Halafu kuna wizi. Mwizi wa dizeli huja na mpira na jerikeni, huzibua tangi, na kwa muda mfupi amekwisha ondoka. Kwa hiyo dereva halali usingizi wa kweli; hulala sikio moja likiwa kwenye tangi na jingine kwenye kamba za turubai. Asubuhi anashika usukani akiwa amechoka kuliko alipousimamisha. Wataalamu walishapima jambo hili wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya mambo kama mtu aliyekwisha kunywa pombe, na saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Ni saa hizo hizo ambazo dereva huambiwa kwa simu afanye haraka ili awahi foleni ya mpakani.

Tufike sasa kwenye kiini cha malalamiko. Matajiri wengi hukataa kulipa posho ya malazi, wakisema dereva ana kitanda ndani ya gari, kwa hiyo hakutumia senti. Lakini dizeli ikiibwa usiku huo huo, tajiri yule yule huikata katika mshahara wake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na gari. Ndugu, hesabu hii haikubali. Kama dereva alikuwa amepumzika, basi hakuwa mlinzi, na wizi haumhusu. Kama alikuwa mlinzi, basi alikuwa kazini, na saa za kazi hulipwa. Tajiri achague moja kati ya hayo mawili.

Wala hili si wazo tulilolibuni sisi. Mkataba wa 153 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1979 kwa ajili ya madereva wa barabarani, unasema mtu asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika, jumla isizidi saa 9 kwa siku, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Unasema pia kwamba wakati wa mapumziko hayo dereva asilazimishwe kukaa ndani ya gari wala karibu nalo, mradi amechukua hatua za kulihifadhi gari na mzigo wake. Ni mataifa machache tu yameuridhia mkataba huo. Huko Ulaya, mahakama ya juu ya Umoja wao iliamua Desemba 2017 kwamba dereva haruhusiwi kumaliza mapumziko yake makubwa ya wiki, yaani saa 45, akiwa ndani ya kabini. Atafutiwe mahali pa kulala pa kibinadamu. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa wiki, siku moja ya mapumziko baada ya sita, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Haimruhusu tajiri kukata mshahara apendavyo. Dereva ni mfanyakazi kama wewe wa kiwandani, na sheria hiyo ni yake pia.

Tena tukumbuke kwamba chama cha kwanza cha wafanyakazi katika Uganda kilikuwa cha madereva, Uganda Motor Drivers' Association, kilichoundwa mwaka 1938. Na nguvu hiyo haijakwisha. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walikatazwa kuingia nyumba za wageni, wakawekewa vituo maalum vya kusimama, na kule Malaba foleni ikafika makumi ya kilomita. Watu wakaishi ndani ya kabini siku baada ya siku, wakipikia kando ya barabara, huku wakitupiwa lawama ya kueneza ugonjwa. Aprili 2021, baada ya madereva kuuawa katika barabara za Sudan Kusini, wenzao wa Kenya na Uganda waliegesha malori mpakani wakakataa kuvuka mpaka wahakikishiwe usalama. Januari 2022 waligoma Malaba na Busia kwa ajili ya ada ya kupimwa korona, na mafuta yakaadimika Uganda nzima. Hapo wengi walitambua ghafla kwamba dereva yupo.

Sisi wa viwandani na mashambani tunaingia wapi? Langoni. Kuna viwanda ambako lori hufika alfajiri, likapangwa foleni juani, likapakiwa saa 2 usiku, kisha dereva akaambiwa aondoke mara moja kwa sababu yadi inafungwa. Mtu huyo ameanza safari ya Arua akiwa tayari amemaliza siku nzima ya kazi. Wajumbe wa matawi wanaweza kulipeleka jambo hili katika mazungumzo na uongozi bila kungoja mpaka sheria mpya itungwe: lori lililopakiwa baada ya saa 12 jioni liruhusiwe kulala ndani ya ua, chini ya walinzi wanaolipwa, na madereva wapewe choo, bomba la maji na kibanda chenye vitanda.

Kwa madereva na matingo wenyewe, tunaomba jambo moja dogo. Nunueni daftari. Kila usiku andikeni tarehe, mahali mlipoegesha, saa mliyosimama, saa mliyoondoka, na jina la aliyewaamuru kulala na gari. Agizo likija kwa simu, liulizeni tena kwa ujumbe wa maandishi na msifute jibu. Mkiumizwa usiku huo, au mkikatwa mshahara kwa dizeli iliyoibwa, kwanza mtaulizwa kama mlikuwa kazini, na wakati huo daftari liwe mkononi mwenu.