Kuulizia njia kabla ya safari
Bibi yetu wa Mashewa alipougua katikati ya masika, tulikusudia kwenda kumzuru kwa pikipiki kutoka Korogwe. Vijana walichagua njia ya mkato, wakisema pikipiki zao hazishindwi na tope. Mzee wetu akauliza: “Jana mlimani kulinyesha?” Hakuna aliyejua.

Bonde la Lwengera limelala kati ya Usambara Magharibi na Mashariki. Mvua ikinyesha juu, vijito hufurika chini hata jua likiwaka. Tukawapigia simu wenyeji, wakatuambia maji yamekizoa kivuko cha miti usiku ule. Tukazunguka kwa barabara kubwa, tukamkuta bibi angali macho, akitungoja.

Wazazi wenzetu, tuwafunze vijana kwamba kutawakali hakumzuii msafiri kuulizia njia.