Wi-Fi Haikukatwa ili Linux Iwe Nyepesi

"Niweke Linux gani nyepesi yenye Wi-Fi?" Wanafunzi wa UNILU hapa Lubumbashi wananiuliza hivyo, wenye vibanda vya kuchapisha karatasi mtaani Kenya wananiuliza, na mafundi wa Katuba, ambao wateja wao wanategemea wawe na jibu, nao wananiuliza. Mashine huwa ni ya aina ileile: Dell Latitude au HP ya zamani iliyoletwa kutoka Ulaya, RAM yake GB 2, Windows imeilemea. Mtu anawekewa Lubuntu au antiX, inawaka upesi, anafurahi, kisha anatafuta alama ya Wi-Fi haioni. Hapo ndipo anapoambiwa: "Hiyo ni nyepesi, walipunguza vitu, na Wi-Fi ilipunguzwa. Tuformati, tuweke nyingine."

Maelezo hayo ni ya uongo, na yanawamalizia watu fedha. Faili la kusakinisha Lubuntu linakaribia GB 3. Anayelipakua kwa mega za simu, akaona halikubali, akapakua la Xubuntu, kisha la Mint, amekwisha kununua data ambayo ingemtosha muda mrefu, na kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani ya mashine ni ileile. Kuformati kunafuta diski. Kadi hakuigusi.

Kinachoiendesha kadi ni draiva, na kwenye Linux karibu draiva zote hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Lubuntu ni Ubuntu: kerneli moja, hazina moja ya vifurushi. antiX imejengwa juu ya Debian. Wepesi wa zote mbili unatoka kwingine kabisa. Tangu toleo la Oktoba 2018 Lubuntu inatumia LXQt mahali ambapo Ubuntu kubwa ina GNOME. AntiX inatumia IceWM na haiendeshwi na systemd. Hayo ni mambo ya madirisha, menyu na huduma za nyuma. Hakuna aliyeingia kwenye kerneli akang'oa redio ili kuokoa nafasi.

Basi kinachokosekana ni nini? Mara nyingi ni famwea, yaani programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya chipu kila mashine inapowaka. Bila hiyo draiva ipo, kadi ipo, na hakuna kinachosikika. Famwea ni mali ya mtengenezaji wa chipu, na sababu ya kukosekana kwake ni leseni. Draiva ya b43, inayoendesha chipu nyingi za zamani za Broadcom, iliandikwa na watu waliozichunguza chipu hizo wenyewe bila msaada wa kampuni, ikaingia kwenye kerneli ya 2.6.24 mwanzoni mwa 2008. Lakini famwea ambayo draiva hiyo inaihitaji haina ruhusa ya kusambazwa, kwa hiyo kila mtumiaji lazima aipakue na kuichomoa mwenyewe kutoka kwenye draiva ya kampuni. Debian nayo kwa miaka mingi iliziacha famwea zisizo huru nje ya diski yake rasmi. Wanachama walipiga kura mwaka 2022 kubadilisha hilo, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Intel inafaidika. Broadcom ya b43 bado imebaki nje, kwa sababu kura ya Debian haiwezi kutoa ruhusa ambayo mwenye mali hajaitoa.

Ndiyo maana Latitude E6400 mbili zinazofanana kwa sura, zikiwekewa diski moja, moja inakamata mtandao na nyingine inakataa. Kiwandani ziliweza kuwekewa Intel 5100 au kadi ya Dell 1397, ambayo ndani yake ni Broadcom BCM4312. Fundi anayesema "hii imekubali, ile imekataa" bila kuangalia namba ya kadi anabahatisha, na anayelipia ni mteja.

Mfumo mmoja kweli uliacha Wi-Fi nje kwa ajili ya udogo, nao ni Tiny Core. Watengenezaji wake wanaeleza hadharani: TinyCore ni ya mwenye kebo, na anayetaka Wi-Fi au kibodi isiyo ya Kimarekani achukue CorePlus. Sijamwona mtu mjini hapa aliyeuziwa Tiny Core.

Dawa nyingine inayozunguka ni ndiswrapper, kutoka kwenye miongozo ya Kifaransa ya zamani: chukua draiva ya Windows XP, uifunge ndani ya Linux. Ilikuwa na maana wakati ambapo hapakuwa na draiva nyingine. Leo iacheni.

Kisha kuna Wi-Fi ambayo haina ugonjwa wowote. Alama ipo, jina la mtandao linaonekana, nenosiri linakataliwa mara tatu, mwenye mashine anaamua Linux ni mbovu. Tazama kibodi. Hapa tunatumia AZERTY, na mfumo uliosakinishwa kwa Kiingereza unadhani ni QWERTY. Ukibonyeza a inaandika q, ukibonyeza m inaandika nukta-mkato, na tarakimu unazoziandika kwa Shift zinakuwa alama. Nenosiri kwenye skrini ni vidoti tu, huoni kosa. Bonyeza kitufe cha kuonyesha nenosiri kabla ya kulaumu chochote, kisha badilisha mpangilio wa kibodi. Nimeona mashine nzima zikiformatiwa kwa ajili ya herufi a.

Na ile inayounganika lakini kurasa hazifunguki: angalia tarehe. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, kila umeme wa SNEL unapokatika saa inarudi miaka mingi nyuma, na tovuti zinakataliwa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Nunua CR2032.

Sasa kazi yenyewe. Fungua terminali, andika lspci -nnk, tafuta mstari wa Network controller. Namba iliyo kwenye mabano ya mraba ya mwisho inaanza na mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14e4 Broadcom, 10ec Realtek, 168c Atheros. Chini yake pakiwa na "Kernel driver in use", draiva imeshika. Andika sudo dmesg | grep -i firmware uone jina la faili linalokosekana (alama ya | ni AltGr na 6 kwenye kibodi ya Kifaransa, AltGr na 1 kwenye ya Kibelgiji). Andika pia rfkill list: "Soft blocked: yes" inaondolewa kwa sudo rfkill unblock wifi, "Hard blocked: yes" ni swichi, na Latitude nyingi zinayo ubavuni.

Huna intaneti ya kupakulia famwea? Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Mashine itaiona kama mtandao wa kebo, bila draiva ya ziada. Simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya jirani, itakupitishia hiyo hiyo, mega zako zikibaki. Kwenye Debian na antiX, Intel inataka firmware-iwlwifi, Realtek firmware-realtek, Broadcom ya zamani firmware-b43-installer. Broadcom ambayo b43 haiiwezi inataka broadcom-sta-dkms pamoja na linux-headers za kerneli yako. Usiziweke zote mbili, zinagombana. Mashine mpya kidogo yenye Secure Boot itaikataa draiva hiyo ya dkms mpaka uusajili ufunguo wake au uzime Secure Boot.

Yote yakishindikana, usikimbilie kubadilisha kadi ya ndani: HP na ThinkPad nyingi za umri huo zinakataa kuwaka na kadi isiyo kwenye orodha yao. Nunua ya USB, lakini usinunue kwa jina la sanduku. TP-Link TL-WN722N ya kwanza ilikuwa na chipu ya Atheros. Kuanzia toleo la pili ni Realtek, sura ileile. Nenda sokoni na mashine yako, chomeka kabla ya kulipa, andika lsusb. Ikitokea 0cf3:9271, lipa.