Tivii ya Shosho Haiendi kwa Vyuma

Jumamosi asubuhi ngware, msee wa vyuma alisimamisha mkokoteni nje ya keja ya shosho huku Jericho. Anti ndiye alikuwa amemwita. Tivii ilikuwa ishatolewa kwa kabati, imeketishwa hapo mlangoni, kitambaa cha krosheti bado kiko juu yake. Msee akaigonga mgongo, akaizunguka, akasema atatoa soo mbili. Anti akakubali. Shosho, mwenye hakuna mtu alikuwa amemuuliza, akatokea jikoni na mwiko mkononi, akadinda.

"Hii haiuzwi. Mume wangu, rudisha hii kitu ndani."

Mume wake ni mimi. Mimi ndio nilibeba jina ya guka, na tangu nizaliwe shosho hajawahi niita kitu ingine. Nikainama nikaibeba. Tivii ya inchi 21 ya hiyo enzi si mchezo, ni kama kubeba nusu ya gunia ya simiti, na uzito wote uko mbele kwa kioo, so unaikumbatia ukiangalia skrini, mgongo wake ukiangalia penye unaenda. Nikairudisha kwa kabati. Shosho akanyoosha kitambaa chake.

Manze, lazima ujue hiyo tivii imetoka wapi. Guka aliinunua 1998, wiki chache kabla ya World Cup ya Ufaransa. Siku ya fainali, Ufaransa ikichapa Brazil tatu bila, mtaa mzima ulikuwa kwa hiyo sitting room, na wenye walikosa nafasi walichekia dirishani. Guka alidedi, tivii ikabaki. Alafu Februari 2015 mitambo ya analogi ikazimwa hapa Nairobi, na kioo kikajaa chenga. Hapo ndio mtaani wasee mob walianza kutupa mativii zao, juu walidhani zimekufa. Lakini zilikuwa fiti tu. Chenye kilibadilika ni lugha ya mawimbi, na ka-dekoda kamoja kalikuwa kanatosha kuzitafsiria. Ya shosho ilidungwa dekoda, ikaendelea na maisha.

Sai shida ilikuwa ingine. Magoti ya shosho yamekataa ile ngazi ya kanisa. Ibada ya Jumapili inarushwa laivu YouTube, na alikuwa anaichekia kwa simu ya anti, skrini kama kiganja, ameishikilia karibu na pua. Kwaya ya watu arobaini inakaa kama mchwa. Anti alidai tuchange tununue flati, na alikuwa na point, lakini hatukuwa na hiyo doo. Mimi nilikuwa na stiki ya Android, ile unachomeka kwa HDMI unapata YouTube. Na tivii ya guka haijawahi kusikia kitu inaitwa HDMI, juu HDMI yenyewe ilitoka 2002, miaka minne baada ya guka kutoa pesa yake.

Hapa ndio nataka kukuchanua, juu najua kuna tivii kama hii kwa hao yenu ama shags.

Ukifungua ka-mlango kadogo pale mbele chini ya skrini, ama ukichungulia mgongoni, utapata mashimo ya mviringo. Ya njano ni ya picha. Nyeupe na nyekundu ni za sauti, kushoto na kulia. Hiyo ndio AV. Kwa ile shimo ya njano tivii inangoja wimbi, stima yenye inapanda na kushuka ikichora mistari 625 kwa skrini, mara 25 kila sekunde. Hiyo ndio PAL, mfumo wenye Kenya ilitumia tangu tupate rangi. Stiki yako nayo inatoa namba tupu, sifuri na moja. Waya pekee haiwezi kugeuza namba ikawa wimbi. Kuna kebo zinauzwa, upande mmoja HDMI, upande mwingine pini tatu za rangi, katikati hakuna kitu. Usitoe hata mbao yako hapo. Ukidunga hiyo kwa stiki utakaa ukiangalia giza hadi Krismasi. Lazima kuwe na konverta, ka-boksi kadogo kenye kanakunywa stima yake, juu kuna kazi kanafanya ndani.

Niliishia Luthuli kukatafuta. Kwa duka moja nikaambiwa, "Ndio hii, soo saba," nikalipa, nikarudi mtaa. Nikafika, pini zote zinaingia vizuri, picha hakuna. Nilikaa masaa mawili nikibadilisha waya kabla nisome maandishi ya mgongo wa boksi: AV2HDMI. Hiyo inatoa picha kwa kitu mzee kupeleka kwa kitu mpya, kama unataka kuchezea pley ya kitambo kwa flati. Mimi nilikuwa nadai HDMI2AV. Zinafanana kama mapacha, rangi moja, saizi moja, na haziwezi kufanya kazi ya mwenzake hata ukizibembeleza. Kwa duka wakakataa kurudisha doo, so nikatoa soo saba ingine kwa mwingine. Niliskia vibaya sana, juu hiyo ilikuwa fare ya wiki. So ukifika pale, usimwambie msee wa duka "nataka konverta." Mwambie, "Nina stiki ya HDMI, tivii yangu ni ya kichogo, nataka picha itoke HDMI iende AV." Alafu soma boksi na macho yako kabla utume M-Pesa.

Raundi ya pili picha ikakubali. Ikakuja bila rangi, inatetemeka juu chini kama nganya kwa matuta. Shosho akasema imezeeka sana, tuiache. Lakini pembeni ya konverta kuna ka-swichi kadogo, kucha ya kidole ndio inakafikia, kameandikwa PAL na NTSC. NTSC ni ya Marekani na Japani, mistari 525, na hizi boksi mob hutoka kiwandani zikiwa zimeelekezwa huko. Nikasukuma upande wa PAL. Rangi ikaingia. Nikiwa nimepiga magoti pale mbele, nikasikia ile joto na harufu ya vumbi yenye hutoka kwa hizi tivii zikiwaka, na nikarudi nikiwa mtoi wa nursery nikingoja katuni za saa kumi. Hiyo harufu flati haina.

Sauti nayo ilikuwa nusu. Tivii ya shosho ina shimo mbili tu mbele, njano na nyeupe, juu ni ya spika moja. Pini nyekundu ikabaki inaning'inia, na kila kitu kilirekodiwa upande wa kulia hakiskiki. Kwa wimbo unaweza pata ngoma bila kinanda. Kuna ka-adapta ka bei ya chini, pini mbili zinaingia moja inatoka, dawa ni hiyo. Ama uingie kwa setingi za stiki, kwa zile za kusaidia watu wenye shida ya kuskia, utafute sauti ya mono. Zetu zilikuwa hapo, nikawasha, kinanda kikarudi.

Stima pia uipangie. Tivii ya kitambo haina shimo ya USB, so stiki inataka chaja yake na konverta inataka yake. Nilitoa chaja mbili za simu, nikaweka ekstensheni nyuma ya kabati. Na hizi tivii za kichogo hula tokeni kuliko flati ndogo, hiyo sitakuficha. Kwa shosho mwenye anawasha masaa mawili kwa siku, tunaweza. Kwa keja yenye tivii inawaka kutoka asubuhi hadi usiku, piga hesabu yako.

Kama hujanunua kitu yoyote bado, kuna njia ya mkato. Tafuta boksi ya Android yenye tayari iko na AV yake. Kama X96 Mini iko na ka-shimo kama ka earphone, unadunga waya moja yenye inatoka pini tatu, unasahau mambo ya konverta. Picha ikikataa kwa njano, usirudishe boksi dukani haraka. Hizo waya hazikutengenezwa kwa mpangilio mmoja, so jaribu kuweka pini nyekundu kwa shimo ya njano, alafu nyeupe. Mara nyingi kuna moja itatoa picha. Na hapa uko na bahati kiasi: boksi mob za bei ya mtaa hazina kibali cha kuonyesha Netflix ikiwa safi, zinapewa picha ya chini. Msee wa flati analia. Wewe tivii yako haiwezi kuonyesha zaidi ya hiyo, so hujapoteza kitu. Ukiwa na konverta, Netflix inaweza kukupea skrini nyeusi kabisa na sauti ikiendelea, juu kuna kufuli ya kuzuia kunakili ndani ya HDMI, na konverta zingine haziielewi. YouTube haina hizo story. Weka picha kwa 480 na bando zako zitaenda mbali sana. Hizo K nne zenye wanauza kwa matangazo haziingii kwa hii kioo.

Na shags je? Huko kwa kina mathe bado kuna Great Wall, ile ndogo ya bila rangi yenye ilikuwa inafungwa kwa betri ya gari. Hiyo haina hata AV, ni shimo ya eriali pekee. Lakini kama kuna deki ya VHS inalala kwa stoo, usiitupe. Dunga konverta kwa AV ya kuingia ya hiyo deki, alafu toa waya ya eriali kutoka kwa deki uende kwa tivii. Deki inakuwa stesheni yake yenyewe, inarusha kwa UHF, karibu na chaneli 36. Ukizungusha nob polepole ukiipita kidogo kidogo, utaipata. Nimeona ibada ya YouTube ikitoka kwa Great Wall, nyeusi na nyeupe, na watoi wamekaa chini wanacheki kimya.

Kitu moja sitaki ufanye ni kufungua mgongo. Ndani ya ile chupa ya kioo yenye hutoa picha kuna volti zaidi ya 20,000, na zinaweza kubaki hapo hata baada ya kutoa plagi ukutani. Fundi wa mtaa wetu amefanya hii kazi tangu nikiwa mdogo na bado hugusa huko na mkono moja, ule mwingine ameuweka mgongoni. Na kile kioo kina madini ya risasi ndani. Ndio maana story ya soo mbili ilinikera. Msee wa vyuma hadai tivii, anadai shaba yenye imezungushwa kwa shingo ya chupa. Anaivunja, anatoa shaba, vioo vinabaki, na mwisho wa vioo ni dampo ya Dandora, kwa udongo wenye watoi wanachezea. Simlaumu, anasaka unga kama sisi wote. Lakini kama ya kwenu imekufa kabisa, hapa Nairobi kuna WEEE Centre, wanachukua taka za elektroniki na kuzivunja vile inafaa. Tafuta dinga moja mtaani mchange mafuta, mpeleke tano kwa trip moja.

Ya shosho haijafika huko. Jumapili ya kwanza alikaa kwa kiti chake saa tatu kamili, leso mabegani, Biblia kwa magoti. Kwaya ikaingia. Akawaangalia muda mrefu.

"Mbona wamekonda hivi wote?"

Alikuwa ameona ukweli. YouTube inatoa picha pana, tivii ya guka ni karibu mraba, na konverta inafinya ile pana hadi ienee. Kila mtu anakuwa mrefu na mwembamba. Pembeni nazo zilikuwa zimekatwa, juu hizi tivii huficha kando kidogo za picha, ndio maana ile namba ya wimbo pale chini hakuiona. Hii ya kando niliimaliza kwa setingi za stiki, kuna mahali unapunguza ukubwa wa picha hadi pembe zote nne zionekane. Ya kukonda ilinishinda. Nikamwita fundi. Hakufungua kitu. Alishika rimoti, ile shosho amefunika na nailoni tangu iwe mpya, akabonyeza vitufe kwa mpangilio fulani, menyu ya mafundi ikatokea, akashusha urefu wa picha polepole hadi duara ikawa duara. Dekoda nayo akaiweka kwa picha pana ili zifanane. Juu na chini kukabaki ukanda mweusi. Alikataa pesa, akaomba chai.

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa na mwili wake. Shosho alimtambua mama wa safu ya pili, walianza naye kwaya pamoja, hawajaonana tangu magoti yaanze. Akamwita jina yake kwa sauti, hapo kejani, alafu akaanza kuimba naye sauti ya pili. Anti akatoka jikoni akakaa.

Kitambaa cha krosheti bado kiko juu ya tivii. Lakini sai shosho amekikunja upande wa mbele, kisifunike pale pini ya njano na nyeupe zinaingilia.