Betri Iliyozima Haijafa

Sogeeni, wajukuu, lakini hiyo simu inayochaji iondoeni kwanza juu ya godoro. Iwekeni pale kwenye saruji, ndipo tuzungumze.

Nyinyi mmezaliwa mkaikuta taa ya sola hapa Matinyani. Sisi tulisomea koroboi, masizi yakitujaa puani. Kwa hiyo siichukii betri ya lithiamu. Imetuondolea mafuta ya taa, naishukuru. Ninachotaka ni muijue.

Ndani mna utepe wa shaba na wa alumini, umepakwa unga na kuviringishwa kama donge la chapati kabla halijasukumwa. Katikati mna utando mwembamba kuliko unywele, na vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto upesi. Ukichaji, chembe za lithiamu huvuka kwenda upande mmoja. Taa ikiwaka, hurudi. Utando ule ndio mpaka. Betri ikipondwa, ikitobolewa msumari au ikichajiwa kwa chaja isiyoifaa, mpaka huweza kuvunjika. Hapo joto huzaa joto, gesi hujaa, betri huvimba, na inaweza kulipuka. Hata moto wake ukizimwa, huweza kuzuka tena.

Hatari hiyo si hadithi. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani, ikiwa na maelfu ya betri za lithiamu. Moto ulizuka kwenye mizigo, moshi ukajaa hadi kwa marubani. Walijaribu kurudi. Wote wawili walikufa.

“Lakini betri yetu imezima, Susu. Haiwaki hata kidogo.”

Taa kutowaka si dalili kwamba betri imekwisha nguvu zote. Mara nyingi hubaki na umeme wa kutosha kuwasha moto. Ndiyo maana roho yangu hushtuka nikiona betri kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, tunapochomea makaratasi. Betri ikiungua, moshi wake huwa na gesi kali inayounguza mapafu. Ikitupwa mtoni je? Kiangazi sisi hufukua mchanga wa mto huohuo tupate maji ya kunywa. Ganda likioza, kobalti na nikeli, kama vimo, huweza kuingia humo. Na kobalti hiyo, ambayo imo katika betri nyingi za simu, kwa wingi huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, ambako hata watoto wa rika lenu wamefanya kazi machimboni. Tumeletewa kwa jasho lao, nasi tuifukie?

Mwaka 2022 Kenya ilitunga sheria ya taka inayomtaka mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibike hata inapogeuka taka. Basi muulizeni aliyewauzia taa kama ataipokea tena. Nairobi kuna WEEE Centre, wanaopokea taka za kielektroniki. Betri ikivimba, msiiguse, msiichaji, iteni mtu mzima. Kama haijavimba, mtu mzima azibe ncha zake kwa utepe wa gundi, aiweke kwenye kopo la mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na jiko, hadi apatikane wa kuipeleka.