Nikabu na dola isiyo na dini: kwa nini marufuku ya Ufaransa haisimami

Mwezi Juni 1905, Bunge la Ufaransa likiwa katikati ya mjadala wa kutenganisha makanisa na dola, mbunge Charles Chabert alileta pendekezo la nyongeza: mapadri wapigwe marufuku kuvaa kanzu zao barabarani. Haikuwa chuki tupu. Alidai kwamba vazi lile refu humbadilisha anayelivaa, mwendo wake, mkao wake, hatimaye hata fikra zake, na kwamba kumvua ni kumkomboa. Mameya kadhaa walikuwa wamemtangulia. Kule Kremlin-Bicêtre, pembezoni mwa Paris, kanzu ya padri ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1900. Aliyesimama kumjibu ni Aristide Briand, mtetezi mkuu wa mswada huo, ambaye hakuwa na mapenzi yoyote na Kanisa. Alieleza kwamba mswada umenyamaza kuhusu mavazi kwa makusudi. Dola ikishajitenga na dini, kanzu inakuwa vazi kama vazi jingine, na sheria inayotaka kuleta uhuru itaonekana ya kidhalimu ikianza kwa kuwavua watu nguo. Tena itachekwa, kwa sababu mapadri na mafundi cherehani wakikaa pamoja hawatakosa kubuni vazi jipya. Pendekezo liliangushwa kwa kura 391 dhidi ya 184.

Miaka 105 baadaye Bunge hilohilo lilipitisha, kwa kura 335 dhidi ya 1, sheria ya kuzuia kufunika uso hadharani; wabunge wengi wa Chama cha Kisoshalisti hawakupiga kura. Seneti nayo ikaipitisha kwa 246 dhidi ya 1. Mimi naona kwamba Briand ndiye aliyeelewa maana ya dola kutokuwa na dini, na kwamba sheria ya 2010, ingawa hutetewa kwa jina la mfumo huohuo, inakwenda kinyume nao. Kusema hivyo si kuisifu nikabu. Mtu anaweza kuona kuwa nikabu inamtenga mwanamke na wenzake, na bado akashikilia kwamba si kazi ya polisi kumwambia aivue.

Maandishi ya sheria yenyewe yamepimwa neno kwa neno. Hayataji Uislamu, nikabu wala burka; yanasema tu kwamba hakuna mtu aruhusiwaye kuvaa, mahali pa umma, vazi la kuficha uso. Mahali pa umma si barabara peke yake, bali pia duka, basi, sinema, benki na ofisi ya serikali. Walioachwa nje ni wengi: mwendesha pikipiki mwenye helmeti, mgonjwa, fundi wa kuchomelea, mwanamichezo, na yeyote aliye kwenye sherehe, maonyesho ya sanaa au shughuli za kimila. Ukishawatoa hao wote, anayebaki ni mwanamke wa nikabu. (Waandamanaji wanaoficha nyuso walikuwa wamekwisha kuwekewa kanuni yao mwaka 2009.) Adhabu ni faini isiyozidi euro 150, au mafunzo ya uraia, au vyote viwili. Anayemlazimisha mwanamke kujifunika anakabiliwa na kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 30,000, na adhabu huwa maradufu ikiwa aliyelazimishwa ni mtoto. Polisi hawana ruhusa ya kumfunua mtu kwa nguvu. Humtaka afunue uso ili wamtambue, na akikataa humpeleka kituoni kuhakiki yeye ni nani.

Ajabu ni kwamba wataalamu wa sheria wa Ufaransa wenyewe walikwisha kusema kwamba kutokuwa na dini kwa dola hakuwezi kuwa msingi wa marufuku hii. Machi 2010 Baraza la Dola, ambalo ndilo mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria, liliombwa maoni na likajibu kwamba halioni msingi wa kisheria usiopingika wa kuzuia nikabu kila mahali. Sababu yake ni nyepesi kuifuata. Ibara ya kwanza ya sheria ya 1905 inaihakikishia kila nafsi uhuru wa dhamiri. Ya pili inasema Jamhuri haiitambui, haiilipi wala haiifadhili dini yoyote. Anayefungwa na maneno hayo ni dola na watumishi wake. Mwalimu wa shule ya serikali au karani wa manispaa anapokuwa kazini anaiwakilisha Jamhuri, kwa hiyo haonyeshi dini yake. Mama anayekwenda sokoni haiwakilishi Jamhuri, anajiwakilisha mwenyewe. Msomaji wa Tanzania ameusikia mara nyingi usemi kwamba serikali haina dini lakini wananchi wana dini zao, na fikra ya 1905 ni hiyohiyo. Tena Ufaransa yenyewe si kali kiasi hicho inapoamua. Huko Alsace na Moselle dola hadi leo inawalipa mishahara mapadri, wachungaji na marabi, kwa kuwa mwaka 1905 majimbo hayo yalikuwa chini ya Ujerumani. Kwenye Mayotte, kisiwa cha Ufaransa katika funguvisiwa la Komoro, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu, sheria ya 1905 haitumiki na makadhi hulipwa kutoka hazina ya umma. Lakini marufuku ya nikabu inatumika huko kama Paris.

Kwa hiyo watetezi wa sheria hutafuta nguzo nyingine, na ya kwanza wanayoishika ni haki za mwanamke. Hoja hii ina uzito, kwa sababu wapo wanawake wanaofunikwa kwa amri ya mume au kaka, na hakuna mwenye akili anayetaka waachwe hivyo. Lakini kifungu kinachomwadhibu mlazimishaji kingeweza kusimama peke yake bila kumtoza faini mlazimishwaji. Mwanamke aliyelazimishwa kweli, akizuiwa kutoka na nikabu, huenda asitoke kabisa, na hapo sheria itakuwa imemsaidia mume kumfungia ndani. Tena picha ya mwanamke aliyelazimishwa haifanani sana na waliohesabiwa. Mwishoni mwa 2009 Wizara ya Mambo ya Ndani ilikadiria kwamba wavaaji nchini kote ni kama 1,900. Wengi walikuwa chini ya miaka 40, wengi raia wa Ufaransa, na takriban robo walikuwa wamesilimu. Mwanasosholojia Agnès De Féo, aliyezungumza na wavaaji wapatao 200 katika muda wa miaka kumi, aliwakuta wengi wameivaa kwa uamuzi wao, mara nyingi dhidi ya matakwa ya wazazi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliposikiliza shauri la S.A.S. dhidi ya Ufaransa mwaka 2014 ilikataa waziwazi hoja hii: dola haiwezi kutumia usawa wa jinsia kuzuia jambo ambalo wanawake wenyewe wanalidai kama haki yao.

Wengine husema, basi, nikabu si faradhi, hivyo anayeizuia haigusi dini. Hutajwa kwamba mwanamke aliye katika ihramu kule Makka haruhusiwi kuvaa nikabu, kwamba wanazuoni wengi wa Kihanafi na Kimaliki hawauhesabu uso kuwa uchi, na kwamba Oktoba 2009 Sheikh Tantawi, mkuu wa chuo cha Kiislamu cha Al-Azhar, alimwambia msichana wa shule mjini Cairo aivue. Yote hayo ni kweli. Vilevile ni kweli kwamba ndani ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, maulamaa wamehitilafiana. Lakini tangu lini bunge la dola isiyo na dini likawa na kazi ya kuchagua fatwa ipi ina nguvu? Mbunge anayesimama kueleza kwamba Uislamu hautaki nikabu amekwisha kujifanya mufti, na siku atakapopata ushahidi kwamba Uislamu unaitaka itabidi aseme kama atabadili kura yake. Kama hatabadili, hoja hiyo haikuwa yake tangu mwanzo.

Kuhusu usalama sitakaa sana. Haja ya kumtambua mtu ipo, tena ni ya haki, benki, uwanja wa ndege au mahakamani. Dawa yake ni kudai uso uonyeshwe pale panapohitajika. Septemba 2013, katika mahakama ya Blackfriars jijini London, Jaji Peter Murphy aliamua kwamba mshtakiwa anaweza kubaki na nikabu wakati wa kesi, ila akitoa ushahidi lazima aivue, nyuma ya pazia litakalomficha na hadhira lakini si na jaji, mawakili na baraza la wazee wa mahakama. Utambulisho wake ulikuwa umehakikiwa faraghani na askari wa kike. Hapo haki ya kila upande imepata mahali pake. Chad ilichagua njia ya marufuku ya jumla Juni 2015, baada ya milipuko ya mabomu katika mji mkuu wake, N'Djamena. Mwezi uliofuata mwanaume aliyejifunika burka alijilipua kwenye soko kuu la mji huohuo. Anayejiandaa kufa haogopi faini. Mahakama ya Ulaya nayo iliona kwamba, bila tishio la jumla kuthibitishwa, kuzuia kila mahali kunapita kiasi.

Nguzo iliyobaki, ambayo ndiyo iliyoiokoa Ufaransa mbele ya mahakama hiyo, ni ile ya kuishi pamoja: kwamba uso ndio mlango wa watu kujuana, na anayeufunga anavunja haki ya jirani yake ya kuishi katika jamii ya watu wanaoonana. Hii ndiyo hoja yao bora, na sidhani inafaa kudharauliwa. Ni kweli kwamba mazungumzo na mtu usiyemwona uso yana uzito wake, na mwenye duka anayejisikia vibaya si lazima awe mbaguzi. Lakini haki ya kuonana na mtu asiyetaka kuonana nawe ni haki ya namna gani? Majaji wawili wa mahakama hiyo walioandika maoni tofauti, Nussberger na Jäderblom, waliliuliza karibu swali hilo: mtu ana haki ya kuishi bila kuzungumza na wengine hadharani, na haki ya kutoshtushwa na mwonekano wa mwenzako haimo kwenye mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikipima mashauri mawili kutoka Ufaransa, ilisema wazo la kuishi pamoja ni la jumla mno, na kwamba marufuku inavunja uhuru wa dini. Kisha likaja janga la korona. Kuanzia Mei 2020 abiria wa metro ya Paris alipigwa faini asipofunika pua na mdomo, na mwanamke wa nikabu aliendelea kuvunja sheria. Barakoa ilikuwa na sababu ya kiafya, na sheria iliiruhusu. Hilo halina ubishi. Lakini miezi ile ilionyesha kwamba jamii inaweza kununua mkate, kusalimiana na kupanga foleni bila kuonana nyuso, na isisambaratike.

Kuishi pamoja pia hupimwa kwa yaliyotokea barabarani. Katika miaka minne ya kwanza polisi waliandika faini zaidi ya 1,500, nyingi kwa wanawake walewale waliokamatwa tena na tena. Mfanyabiashara Rachid Nekkaz alijitolea kuwalipia, jambo lililoigeuza adhabu kuwa karibu mchezo. Julai 2013, katika mji wa Trappes karibu na Paris, ukaguzi wa mwanamke mmoja wa nikabu ulizaa vurugu za siku kadhaa na kituo cha polisi kikazingirwa. De Féo, ambaye mwanzoni aliiunga mkono sheria, aliona kwamba baadhi ya wanawake waliivaa nikabu kwa sababu tu imekatazwa.

Lipo jibu moja ambalo husikika kila ushahidi huu unapotajwa: kama wavaaji ni wachache hivyo, marufuku inamdhuru nani? Hoja hiyo inafaa kugeuzwa. Kadiri wavaaji wanavyokuwa wachache ndivyo inavyokuwa vigumu kuonyesha jamii imetishiwa na nini. Uswisi iliipigia marufuku kura ya maoni Machi 2021, ikapita kwa asilimia 51.2, ikaingizwa kwenye Katiba, na tangu Januari 2025 mvunjaji anaweza kutozwa hadi faranga 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lucerne walikuwa wamekadiria kwamba nchi nzima wavaaji wa nikabu ni kama 30.