Benki Inapokikataa Kivinjari Chako

Mteja anayetumia kompyuta ya zamani akifungua ukurasa wa benki na kuambiwa kuwa muunganisho si salama, kwanza hushuku mtandao, kisha nywila. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Amekwama hata kabla ya kuulizwa nywila.

Kabla ukurasa haujafunguka, kivinjari na seva ya benki hukubaliana jinsi ya kuficha mawasiliano yao kwa utaratibu uitwao TLS. Toleo la 1.0 lilitoka 1999, la 1.1 likafuata 2006. Udhaifu wa yote mawili ulipojulikana, IETF, chombo kinachoweka viwango vya intaneti, kiliyafuta rasmi matoleo hayo Machi 2021. Benki makini sasa inataka 1.2 au 1.3. Kivinjari kisichoyajua hayo hakipokelewi, na ni haki kisipokelewe.

Kuna pia vyeti vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ya benki kweli. Vyeti hivyo vina tarehe, na kivinjari huvilinganisha na saa ya kompyuta. Betri ndogo iliyo kwenye ubao mama ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na cheti halali huonekana kama hakijaanza kutumika. Kagua tarehe kwanza, kabla hujamlipa fundi.

Lakini mimi nahofia zaidi kivinjari kilichopitwa na wakati ambacho bado kinafungua ukurasa wa benki. Chrome 109, iliyotoka Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7. Inaijua TLS 1.3, kwa hiyo ukurasa wa benki unaweza kufunguka bila onyo lolote. Ila kasoro za usalama zilizogunduliwa baadaye hazijazibwa humo, na tovuti moja ya kihalifu uliyoipitia asubuhi inaweza kuzitumia kuiba unachoandika jioni. TLS hulinda njia tu. Haiwezi kulinda kompyuta iliyokwisha kuvamiwa.

Basi, ukionywa, usilazimishe kuendelea. Sasisha kivinjari; kama mfumo wa kompyuta haukubali, tumia simu inayopokea masasisho, au nenda tawini.

Nanyi wenye benki, kabla ya kufunga matoleo ya zamani, watumieni wateja ujumbe mfupi kwa Kiswahili, mkitaja kivinjari na toleo linalohitajika. Msiwaache wakabiliane na msimbo wa kosa wasioweza kuuelewa.