Kusafisha Picha kwa Kompyuta: Haja ya Mpiga Picha wa Arusha

Katika msitu wa Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huishi kima aitwaye mbega. Mwili wake ni mweusi ti, lakini mabegani mwake huning'inia manyoya marefu meupe, na mkia wake nao una kishungi cheupe. Mpiga picha anayemvizia asubuhi, jua linapopenya kati ya majani, hukabiliwa na taabu ile ile kila siku. Akiipima kamera kwa weupe, mwili wa mnyama huwa doa jeusi. Akiipima kwa weusi, manyoya meupe huungua na kupoteza kila unywele.

Zamani taabu hii ilipunguzwa katika chumba cha giza. Fundi wa studio aliukinga mwanga kwa kiganja sehemu moja ya karatasi, akauzidisha sehemu nyingine, kisha akaitia karatasi katika dawa. Taa, sinia na dawa vilikuwa mali yake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, na hapo ndipo linapozuka swali linalowagusa wengi mjini Arusha, ambako picha za wanyama na za Mlima Meru ni riziki ya watu: je, mwenye kompyuta inayoendeshwa kwa Linux aweza kuifanya kazi hiyo kwa kiwango cha ufundi?

Linux ni nini?

Kila kompyuta huhitaji mfumo endeshi, yaani programu inayosimamia kumbukumbu, faili, skrini na programu nyingine zote. Kiini cha Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Msimbo wake uko wazi: yeyote aweza kuusoma, kuubadili na kuugawa bila kulipa ada. Aidha, yako matoleo mepesi yanayoweza kuitia uhai kompyuta kuukuu, jambo lenye manufaa makubwa kwa shule na kwa fundi mwenye mtaji mdogo.

Walakini, Photoshop, programu mashuhuri ya kuhariri picha iliyotolewa kwanza mwaka 1990, haitengenezwi kwa ajili ya Linux. Programu haisemi na mashine moja kwa moja. Huuomba mfumo endeshi huduma, kama vile kufungua faili au kuchora dirisha, na kila mfumo una namna yake ya kuombwa. Mradi uitwao Wine, ulioanza mwaka 1993, hufanya kazi ya mkalimani kati ya programu za Windows na Linux. Mkalimani huyo hufaulu kwa programu nyingi, lakini kwa zile kubwa aghalabu hukwama njiani.

Isidhaniwe kuwa kikwazo ni cha kisayansi. Katika miaka ya 1990 Photoshop iliwahi kutolewa kwa mashine za IRIX na Solaris, mifumo ya jamii ya Unix ambayo Linux inafanana nayo. Suala ni la soko: wanaotumia Linux katika kompyuta za mezani ni wachache wakilinganishwa na wa Windows, na kampuni hupeleka bidhaa kwenye wanunuzi.

Hata huko Windows mambo si mepesi. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatatolewa kwa ada ya kila kipindi. Chombo hakimilikiwi tena bali hukodishwa, na kodi ikisimama, kazi nayo husimama. Wapo wanaokimbilia nakala za wizi. Hao huvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mara nyingi huingiza virusi katika mashine iliyobeba kazi zao zote.

Fundi anahitaji nini hasa?

Hapa inafaa kuliacha jina la programu na kuitazama kazi yenyewe. Kamera ya dijitali hupima mwanga na kuuandika kwa namba. Katika faili ya kawaida ya JPEG, kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, hupewa ngazi 256, kwa sababu hutumia biti 8. Kamera nyingi za mafundi huweza kuhifadhi faili ghafi yenye biti 14, yaani ngazi 16,384.

Tuseme mwili wa mbega umeangukia sehemu moja ya nane ya chini. Katika biti 8 sehemu hiyo ina ngazi 32 tu. Katika biti 14 ina ngazi 2,048. Fundi akitaka kuuangaza mwili huo mara nne, huzidisha kila namba kwa 4. Namba 0, 1, 2, 3 huwa 0, 4, 8, 12. Zilizo katikati hazipo, na jicho huona mistari na mabaka badala ya manyoya. Penye ngazi 2,048 mapengo hayo huwa madogo mno hata jicho lisiyatambue.

Kwa hiyo haja ya fundi yaweza kutajwa kwa mambo manne: programu ihesabu kwa biti nyingi, itunze usahihi wa rangi kutoka kamera hadi skrini, isiiharibu picha ya asili, na iandae rangi kwa ajili ya mashine za kuchapa.

Programu huria zimefika wapi?

GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa miaka mingi ilihesabu kwa biti 8 tu. Malalamiko ya mafundi yalikuwa ya haki. Toleo la 2.10 la mwaka 2018 lilifikisha hesabu kwenye biti 32, na toleo la 3.0 la mwaka 2025 likawezesha vichujio vingi kubadilishwa baadaye bila kuigusa picha iliyo chini yake. Kwa faili ghafi ipo darktable, iliyoanza mwaka 2009. Hii huandika maagizo ya fundi katika faili ya pembeni, na picha ya asili hubaki ilivyo.

Mambo matatu ya mwanzo, basi, yamepatikana. La nne, yaani rangi za uchapaji wa vitabu na mabango, bado lina upungufu; na fundi ambaye wateja wake humletea faili za Photoshop zenye tabaka nyingi atapata shida. Huyo hana budi kupima hasara na faida kabla ya kuhama.

Nafasi ya wanafunzi

Afrika ya Mashariki imewahi kuchangia kazi ya programu huria. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Katika picha vilevile mlango uko wazi: watengenezaji wa darktable huhitaji vipimo vya chembechembe za kila aina ya kamera, na vipimo hivyo huletwa na watumiaji wenyewe.

Mwalimu wa fizikia au hisabati aweza kuanza kwa jambo dogo. Ipigwe picha ya Meru alfajiri, kwa JPEG na kwa faili ghafi pamoja. Kisha wanafunzi wakiangaze kivuli cha mlima mara nne katika zote mbili, wahesabu ngazi, na walinganishe kile hesabu inachosema na kile macho yao yanachokiona.